Kitambaa au Mabati: Kuchagua Paa la Uwanja wa Kupandia Farasi katika Nyanda za Juu

Mwalimu wa kupanda farasi aliyeko Karen, Nanyuki au Usa River karibu na Arusha hahitaji kuelezwa sababu ya kutaka uwanja wake uwe na paa. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika huugeuza mchanga kuwa tope, wanafunzi hubaki nyumbani, na farasi husimama bandani siku tatu mfululizo, hata akitolewa huwa na nguvu nyingi ambazo saisi wake, yaani mtunzaji wake, peke yake ndiye anayejua namna ya kuzituliza. Mvua zikikatika, jua la saa saba mchana huwafukuza watoto na walimu katika uwanja uleule. Huko Ulaya kumbi za kupandia farasi zilijengwa kwa sababu ya baridi na theluji: ukumbi wa Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi mjini Vienna, uliojengwa kati ya 1729 na 1735, una urefu wa mita 55 na upana wa mita 18, na hadi leo farasi weupe wa Lipizza hufanya mazoezi humo. Sisi tunakimbia maji na jua. Tofauti hiyo hubadilisha karibu kila hesabu ya ujenzi, ilhali vijitabu tunavyoletewa na wauzaji vimeandikwa kwa ajili ya wanaokimbia theluji.

Njia zinazomkabili mwenye uwanja ni mbili. Ya kwanza ni jengo la kitambaa, ambalo watu wengi huliita hema: fremu za chuma zilizopangwa kwa nafasi sawa, na juu yake kitambaa kizito kilichopakwa plastiki na kuvutwa hadi kikakaza. Ya pili ni ile ambayo kila fundi wa hapa anaijua, yaani nguzo za chuma, kenchi za chuma, papi, na mabati. Nimefundisha chini ya paa za aina zote mbili, na nitasema wazi kila mahali ninapoegemea upande mmoja, kwa kuwa ulinganisho usiofikia uamuzi humwacha msomaji pale alipokuwa.

Vipimo na umbo

Uwanja kamili wa dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa miondoko maalumu, unaotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, una mita 20 kwa 60, na ule mdogo una mita 20 kwa 40. Shule inayofundisha watoto na watu wazima wanaoanza hutosheka na huo mdogo. Anayetaka wanafunzi waruke viunzi anahitaji upana zaidi, na hapo ndipo kitambaa kinapoanza kupata nafuu, kwa sababu paa lake jepesi huweza kuvuka mita 30 au zaidi bila nguzo ya katikati na bila chuma kuongezeka kupita kiasi. Kenchi za kubeba mabati huvuka mita 20 bila taabu. Zikifika mita 30 uzito wake na gharama zake hupanda haraka. Kwa hiyo mwenye uwanja wa mita 20 asikubali kuuziwa kitambaa kwa hoja ya upana peke yake, kwa kuwa kwa kipimo hicho hoja hiyo haina nguvu.

Kimo ni jambo linalowaponyoka wanunuzi wengi. Kwa mazoezi ya kawaida kimo cha mita 4 kutoka mchangani hadi chuma cha chini kabisa hutosha, na kwa kuruka viunzi ni bora kufikia mita 5. Lakini mengi ya majengo ya kitambaa yana umbo la tao linaloanzia ardhini, na muuzaji hutaja kimo cha katikati. Chukua tao lenye upana wa mita 22 na kimo cha mita 7 katikati, likiwa sehemu ya duara. Ukisimama mita 1 kutoka ukingoni, kimo kilichopo juu yako ni takriban mita 1.7 tu, ukiingia mita 2, ni kama mita 3. Sasa mfikirie mtu mzima aliyepanda farasi mwenye bega la mita 1.6: kichwa chake kiko karibu mita 2.5 kutoka ardhini, na njia anayofundishwa kuifuata siku zote ni ile ya ukingoni. Uwanja aliolipia mita 22 umepungua, na hatari ya kugonga kichwa imeingia humo. Tao la namna hiyo linafaa kukalishwa juu ya nguzo au kuta za mita 3 au 4, au lichaguliwe jengo lenye nguzo zilizosimama wima na paa lenye mgongo. Paa la mabati kwa kawaida haliletewi lawama hii, kwa kuwa nguzo zake husimama wima tangu mwanzo.

Mwanga

Kama ningelazimishwa kuchagua kwa kigezo kimoja tu, ningechagua kwa mwanga. Jicho la farasi huona vizuri katika giza hafifu kuliko letu, lakini huchukua muda mrefu kuliko letu kuzoea anapotoka kwenye mwanga mkali na kuingia kwenye kivuli. Farasi anayesita mlangoni mwa ukumbi wenye giza hana ukaidi wowote. Bado haoni anachoambiwa akikanyage, na kumchapa wakati huo ni kumwadhibu kwa maumbile yake.

Kitambaa cheupe hupitisha sehemu ndogo ya mwanga wa jua, na kwa jua letu sehemu hiyo hutosha kufundishia mchana kutwa bila taa. Muhimu zaidi ni namna mwanga huo unavyofika chini: umetawanyika, hauna upande, na haupigi kivuli. Mchanga wote huonekana wa rangi moja kutoka kona hadi kona. Farasi mchanga anayefundishwa kwenda telki (mwendo wa haraka usio wa mbio) katika mduara hakuti chochote cha kukiogopa pale chini.

Chini ya mabati mambo ni tofauti. Bati halipitishi mwanga, hivyo mafundi huweka katikati yake mabati machache ya plastiki yanayopitisha nuru. Katika ghala la mahindi mpango huo ni mzuri kabisa. Katika uwanja wa farasi, jua likiwa kali, kila bati la plastiki huchora mstari mweupe juu ya mchanga, na mistari hiyo husogea kadiri jua linavyosogea. Nimeona farasi mpole, aliyebeba watoto kwa miaka, akiruka mstari wa mwanga kana kwamba ni gogo, na mtoto aliyekuwa juu yake hakuwa amejiandaa kwa kuruka. Tangu siku hiyo siwezi kulichukulia jambo la mistari ya mwanga kuwa dogo.

Anayebaki na mabati ana njia ya kujinusuru. Asiweke plastiki kwenye paa hata kidogo. Aache pande zote wazi kuanzia mita 1.5 kutoka chini hadi ukingo wa paa, na paa lenyewe litokeze nje ya nguzo kwa mita 2, ili mwanga uingie kwa ubavuni, ukiwa umekwisha kudundwa na ardhi. Rangi nyeupe upande wa ndani wa mabati husaidia sana kuutawanya mwanga huo. Paa la namna hiyo huwa na kivuli sawasawa, ingawa halifikii ule utulivu wa nuru ya kitambaa, na jioni taa huhitajika mapema zaidi.

Kelele na joto

Kila aliyekulia chini ya bati anajua mvua kubwa inavyomeza sauti ya mtu. Katika uwanja wa mita 60, mwalimu hupaza sauti na mwanafunzi haambulii neno, nalo somo husimama hata kama hakuna tone lililoingia ndani. Farasi wengi huzoea, wengine hawazoei. Kitambaa kilichokazwa barabara hupunguza mlio huo kwa kiasi kikubwa, ingawa hakiuondoi. Kitambaa kilicholegea, kwa upande wake, huleta balaa lake: hupigapiga kwenye upepo kwa mlio wa ghafla unaofanana na mjeledi, na farasi huogopa zaidi mlio wa ghafla kuliko mlio mkubwa unaoendelea. Ndiyo sababu namna ya kukazia ni swali la kwanza la kumuuliza muuzaji wa kitambaa. Kitambaa kinachoingizwa kwenye mifereji ya chuma iliyo juu ya kila fremu, kikivutwa kipande kwa kipande, hukaa kimekaza kwa miaka. Shuka moja kubwa lililotupwa juu ya fremu zote na kufungwa kwa mikanda pembeni hulegea, na lisipokazwa upya mara kwa mara huanza kujisugua kwenye chuma hadi likatoboka.

Kuhusu joto, kitambaa cheupe huakisi sehemu kubwa ya jua na hakihifadhi joto, ilhali bati likishapata moto mchana hulishusha joto hilo juu ya vichwa vya watu. Tofauti hiyo huhisiwa zaidi pale paa lilipo chini. Katika majengo yote mawili dawa ni ileile: kimo kikubwa, pande wazi, na upenyo kwenye mgongo wa paa wa kutolea hewa ya moto. Upenyo huo ni kazi rahisi kwa fundi wa mabati. Kwenye kitambaa lazima uagizwe tangu kiwandani. Alfajiri za baridi za Nanyuki au Molo, mvuke hugeuka maji chini ya paa la aina yoyote na kutona, na hewa inayopita ndiyo inayoupunguza.

Kitambaa chenyewe

Neno kitambaa hufunika vitu viwili ambavyo havipaswi kulinganishwa kwa bei peke yake. Kimoja ni turubai la poliethilini: nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa, kisha zikapakwa plastiki ya namna hiyohiyo, zote zikiwa na uzito wa takriban gramu 400 kwa mita ya mraba. Kingine ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, chenye uzito wa kuanzia gramu 600 hadi kama 1,000. Turubai la poliethilini ni jepesi, ni rahisi, hupitisha mwanga mwingi zaidi, na huonekana zuri sana mwaka wa kwanza. PVC ni nzito zaidi, huvutwa ikakaza bila kulegea upesi, na hushonwa kwa joto. Ikichanika, kiraka cha kitambaa hichohicho hubandikwa papo hapo kwa mashine ya hewa ya moto. Kwa jengo ambalo watoto wataendeshea farasi chini yake, mimi huchagua PVC bila kusita. Turubai la poliethilini nalikubali kwa kivuli cha muda, kwa banda la nyasi kavu, au kwa mtu anayejaribu kama biashara yake itasimama kabla ya kujenga cha kudumu.

Ipo daraja ya juu zaidi, ambayo baadhi ya wasomaji wameipita kwa miguu yao. Mahujaji wanaoshukia Kituo cha Mahujaji katika Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah husubiri chini ya mahema 210, kila moja likiwa na mita 45 kwa 45, yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizopakwa tefloni na kufunguliwa mwaka 1981. Yamestahimili jua la Hijazi kwa miongo minne, na hilo linathibitisha kwamba kitambaa kinaweza kuwa jengo la kweli. Lakini gharama ya kitambaa cha namna hiyo haiko katika mizani ya shule ya farasi, wala muuzaji asiutumie mfano huo kumwuzia mtu turubai.

Adui wa kitambaa katika nyanda zetu ni mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo ni mikali karibu na ikweta, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki iko juu zaidi. Kwa hiyo dhamana ya miaka 15 au 20 iliyoandikwa kwa ajili ya shamba la Ulaya ya kaskazini inapaswa kusomwa hapa kwa tahadhari. Isomwe pia hadi mwisho, kwa kuwa dhamana nyingi za vitambaa hupungua thamani kila mwaka: kitambaa chenye dhamana ya miaka 15 kikiharibika baada ya miaka 10, mnunuzi hulipwa theluthi moja tu ya thamani, na mara nyingi kazi ya kukishusha, kupandisha kipya na kukodi winchi haimo kabisa.

Kutokana na hayo, nawaambia wote wanaoniuliza kwamba kitambaa hununuliwa mara mbili. Fremu iliyochovywa vizuri katika zinki itaishi kuliko kitambaa cha kwanza, na siku moja, iwe mwaka wa 15 au wa 20, paa jipya litahitajika. Mwenye uwanja anayeweza kutenga fedha kidogo kila mwaka tangu mwaka wa kwanza kwa ajili ya siku hiyo amechagua vizuri. Asiyeweza atajikuta na mifupa ya chuma iliyovaa matambara, na hatakuwa na la kufanya. Mabati hayadai hivyo: bati lililoharibika hutolewa moja na kuwekwa jingine kutoka duka la mjini, na fundi yeyote hulipigilia.

Upepo na msingi

Mnunuzi wa hapa akiletewa hesabu za jengo la kitambaa, mara nyingi ataona zimetaja kilo nyingi za theluji ambazo paa linaweza kubeba. Hilo halimsaidii. Anachopaswa kukitafuta ni upepo, hasa nguvu ya upepo ya kulinyanyua paa kutoka chini, kwa sababu uwanja wenye pande wazi huruhusu upepo uingie chini ya paa na kulisukuma juu.

Hesabu ya makadirio huonyesha ukubwa wa jambo. Paa la kufunika uwanja wa mita 20 kwa 60, likitokeza mita 2 kila upande, lina mita 24 kwa 64, yaani mita za mraba 1,536. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilometa 108 kwa saa, huwa na msukumo wa takriban kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Ukichukulia kwamba msukumo huo wote unanyanyua, unapata tani karibu 77. Kitambaa kizito cha PVC kwa paa lote hilo hakifiki hata tani 2, na mabati ya geji 28 ni kama tani 5 au 6. Paa lolote kati ya haya mawili lingeondoka kama kofia iwapo lingetegemea uzito wake. Kinacholishikilia ni msingi. Fremu zikipangwa kila mita 5 katika urefu wa mita 60 zitakuwa 13, zenye miguu 26, na kila mguu utavutwa juu kwa karibu tani 3, uzito ambao ni zaidi ya mita moja ya ujazo ya zege. Mhandisi atapunguza hapa na kuongeza pale kwa mujibu wa umbo la paa, uzito wa fremu na kiwango cha usalama, lakini msomaji ameona kwamba vigingi vinavyopigiliwa ardhini kwa nyundo havitoshi kwa jengo ambalo watu watakuwamo.

Udongo nao una neno lake. Sehemu nyingi za nyanda hizi zina udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na nanga za kuzungushwa ardhini ambazo wauzaji wa kitambaa huzisifu kwa wepesi wake hulegea humo mwaka hadi mwaka. Penye udongo huo, chimba hadi upite tabaka jeusi na umwage zege. Mtu akisikia kwamba jengo la kitambaa ni la muda na halihitaji kibali, asikubali bila kuuliza: nchini Kenya aulize serikali ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na Tanzania aulize halmashauri yake, tena kabla ya kulipa malipo ya kwanza.

Maji

Paa likishajengwa huleta kiu, na wengi hawalifikirii hilo. Mchanga uliokuwa ukinyeshewa sasa haupati tone. Baada ya wiki chache hugeuka vumbi linaloingia mapafuni mwa farasi, mwalimu na mwanafunzi. Uwanja wa mita 20 kwa 60 ukimwagiwa milimita 3 za maji unatumia lita 3,600 kwa siku. Katika eneo ambalo maji ya bomba huja kwa mgao au hununuliwa kwa lori, gharama hiyo inaweza kulemea kuliko mkopo wa jengo.

Maji yenyewe, hata hivyo, yanaanguka juu ya paa. Mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, kama sehemu nyingi za Nairobi, paa la mita za mraba 1,536 likikusanya asilimia 80 ya mvua hutoa zaidi ya lita milioni 1.1. Hiyo ni siku 300 hivi za kumwagilia. Kuyahifadhi yote kunahitaji bwawa lililotandikwa plastiki na si matangi machache, lakini hata nusu yake ni neema kubwa.

Hapa mabati yanashinda waziwazi. Paa lake lina ukingo ulionyooka, gata hufungwa kwa siku chache, na maji hukimbilia yanapoelekezwa. Jengo la kitambaa la tao linaloanzia ardhini halina pa kufungia gata. Maji hushuka kwa kasi hadi chini ya fremu na kuchimba palepale penye msingi, na alasiri moja ya milimita 50 humwaga lita 76,800 pembezoni mwa jengo. Mtaro wa zege kuzunguka jengo lote ni lazima, na gharama yake iingizwe katika bei tangu mwanzo. Kitambaa kilichokalia nguzo wima kinaweza kufungiwa gata, mradi liagizwe pamoja na jengo, kwa kuwa kulibuni baadaye huishia kwenye matundu ya skrubu ndani ya kitambaa.

Chuma, moto na wanyama

Katika majengo yote mawili chuma ndicho kinachoamua umri. Mabomba ya fremu yaliyokatwa na kuchomelewa baada ya kupakwa zinki hubaki na majeraha kwenye kila kiungo, na kutu huanzia hapo, tena mara nyingi ndani ya bomba ambako hakuna jicho linalofika. Dai fremu zilizochovywa zinki ya moto baada ya kuchomelewa. Kwa msomaji wa Mombasa, Tanga au Maskati, ambako hewa ina chumvi, sharti hili ni zito maradufu, na PVC hupata sifa moja ya ziada kwa kuwa yenyewe haishiki kutu kama bati.

Kuhusu moto, dai cheti kinachoonyesha kwamba kitambaa kimepimwa kwa kiwango kinachotambulika, kama NFPA 701 cha Marekani, na usiweke marobota ya nyasi kavu chini ya paa hilo hata kwa usiku mmoja. Bati haliungui. Mvua ya mawe ya Kericho au Nyandarua hubonyeza bati na huweza kutoboa turubai lililozeeka. PVC nzima huirudisha juu. Tumbili wa Karen hutembea juu ya paa la aina yoyote, ila kucha na meno yao huacha alama kwenye kitambaa tu, kwa hiyo matawi yakatwe mbali na jengo.

Bei

Sitataja bei, kwa sababu hubadilika na sarafu na msimu, lakini muundo wake haubadiliki sana. Karibu kila shilingi ya jengo la mabati hutumika humu humu: chuma, mabati, fundi, zege. Sehemu kubwa ya jengo la kitambaa huagizwa nje, hulipwa kwa fedha za kigeni, husafirishwa kwa kontena hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha hukutana na ushuru. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Muulize wakala wa forodha fremu na kitambaa vitaingia ngazi ipi, na kama vitahesabiwa kuwa kitu kimoja au viwili, kabla ya kuilinganisha bei ya muuzaji na ile ya fundi wako. Kwa upande wa muda kitambaa kina faida ya kweli: vipande vikishafika na msingi ukikauka, jengo husimama kwa wiki chache, ilhali kenchi za kuchomelewa uwanjani huchukua miezi.

Neno kuhusu majengo ya hewa

Wapo wanaopendekeza jengo la kitambaa lisilo na fremu, linalosimama kwa hewa inayosukumwa ndani na feni mchana na usiku. Kwa viwanja vyetu nalikataa. Umeme ukikatika jenereta lazima iwake papo hapo, milango lazima iwe miwili ili hewa isitoke, na feni hulia muda wote masikioni mwa farasi. Hata uwanja mkubwa wa michezo wa Metrodome mjini Minneapolis, uliokuwa na wahandisi na fedha za kutosha, paa lake la hewa lilichanika na kuanguka chini ya theluji Desemba 2010.

Nani achague nini

Kwa shule yenye wanafunzi wa kudumu, farasi wachanga wanaofundishwa, na mapato yanayoruhusu akiba ya kila mwaka, mimi ningejenga kitambaa cha PVC juu ya nguzo wima za mita 4, pande wazi, gata na mtaro vikiwamo katika agizo la kwanza. Mwanga wake na utulivu wake vinastahili gharama ya kununua paa mara mbili, na watoto watajifunza vizuri zaidi chini yake. Kwa klabu ya wanachama wachache, kwa shamba lililo mbali na fundi wa kitambaa, au mahali ambapo maji ni haba kuliko kitu kingine chochote, ningejenga mabati yaliyopakwa rangi nyeupe ndani, bila plastiki hata moja juu, na bwawa kando yake.

Aliyechagua kitambaa na aache pia, kwenye ramani yake ya kwanza, ukanda wa mita 6 usiojengwa kitu wala kupandwa mti upande mmoja wa jengo kwa urefu wake wote. Ataombwa mara nyingi autumie kwa mabanda mapya, kwa maegesho, kwa bustani ya kahawa, asikubali. Siku paa la pili litakapofika kwa lori, winchi itahitaji kusimama hapo.